Thomas Barclay, Mskoti Aliyezipigia Chapa Sauti za Taiwan

Neno hili dogo si, ambalo kwetu ni la kukanushia tu, kule katika kisiwa cha Taiwan lina kazi nyingi. Ukilitamka kwa sauti ya juu iliyonyooka, umetaja shairi. Ukianzia juu ukaiangusha sauti kwa nguvu, umetaja kufa. Ukilitamka chini chini, ni nne. Ukianzia chini ukapanda, ni wakati. Na ukiishika sauti katikati, usiipandishe wala usiishushe, basi umesema ndiyo, ni, kama vile tusemavyo huyu ni fulani. Mgeni asiyejua kuziweka sauti hizi mahali pake aweza kuomba shairi akapewa mauti.

Sisi Waswahili hatuna mambo hayo katika lugha yetu, lakini si mageni kwetu. Jirani zetu Wadigo na Wagiriama hupandisha na kushusha sauti, na Wakikuyu na Wajaluo pia, na mtu wa pwani aliyejifunza lugha hizo ukubwani hujulikana mara moja kuwa si mwenyeji. Tofauti ni kuwa lugha ya Taiwan, ambayo wenyewe huiita Tâi-gí, imesimama juu ya sauti hizo kama nyumba isimamavyo juu ya nguzo. Ziko saba. Katika vitabu huhesabiwa mpaka nane, kwa sababu ya hesabu ya kale, ila ya sita imekwisha kuungana na ya pili.

Leo nataka kueleza maisha ya mtu aliyetumia miaka 60 ya umri wake katika kisiwa hicho, na ambaye kwa mkono wake sauti hizo zilipata kupigwa chapa gazetini. Jina lake Thomas Barclay. Alikuwa padri wa Kikristo, na nasema hivyo mapema ili asije mtu akanidhania. Simleti hapa kwa ajili ya dini yake. Namleta kwa sababu ya herufi, maana sisi tunaosoma ukurasa huu tuna kisa chetu wenyewe na herufi, na nitakigusa mbele.

Barclay alizaliwa Glasgow, Uskoti, tarehe 21 Novemba 1849. Alisoma katika Chuo Kikuu cha mji huo, na mwalimu wake wa elimu ya maumbile alikuwa William Thomson, yule ambaye baadaye alipewa cheo akaitwa Lord Kelvin, na ambaye alishiriki katika kazi ya kulaza waya wa simu chini ya bahari ya Atlantiki mwaka 1866. Kijana Barclay alikuwa hodari katika chumba cha majaribio. Mwaka 1871 yeye na mwenzake John Gibson walitoa makala ya kisayansi juu ya tabia ya umeme ndani ya nta ya parafini. Angeweza kubaki huko akapata jina. Lakini alikuwa amejifunga nadhiri tangu ana miaka 16, akaiandika kwenye karatasi na kuitia sahihi, na akawa akiitia sahihi upya kila ikifika siku ya kuzaliwa kwake. Basi akasoma elimu ya dini yake, na mwisho wa mwaka 1874 akapelekwa na kanisa la Presbyterian la Uingereza mpaka Uchina.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa bandari ya Xiamen, ambayo Wazungu wakiiita Amoy. Hapo ndipo alipoanza kujifunza lugha, na mwaka 1875 akavuka mlango wa bahari akaingia Taiwan. Hakurudi kukaa kwao tena, ila kwa likizo.

Hapa naomba nikatize kidogo. Lugha hiyo si ngeni kabisa katika habari za watu wa bahari kama sisi. Wengi wa Wataiwan asili yao ni watu waliovuka kutoka mkoa wa Fujian tangu karne ya 17, khasa kutoka Quanzhou na Zhangzhou, na lugha yao ni ile ile ya huko. Quanzhou ndiyo bandari ambayo Waarabu waliiita Zaitun. Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja kisiwani Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, ameitaja katika habari za safari zake za Uchina. Uko huko msikiti wa mawe wenye maandishi ya Kiarabu yasemayo kuwa ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, yaani yapata 1009 Miladia. Na huko Taiwan, katika mji wa Lukang, wako mpaka leo watu wa ukoo wa Guo na wa Ding ambao mababu zao walikuwa Waislamu wa Quanzhou, ingawa dini yenyewe ilikwisha kuwapotea kwa vizazi. Kwa hiyo mabaharia wetu wa zamani, kama walifika Zaitun, walizisikia sauti hizi sokoni.

Tumrudie Barclay. Alipofika mji wa Tainan, ambao zamani hizo ndio uliokuwa makao makuu ya kisiwa, aliona jambo lililomsumbua. Watu waliokuwa wakimsikiliza hawakuweza kusoma. Maandishi ya Kichina, kama mjuavyo, si hijai ya herufi 28 kama ya Kiarabu wala 24 kama zetu za siku hizi. Ni alama elfu kadhaa, kila moja na umbo lake, na mtoto wa maskini hana miaka ya kukaa chuoni kuzihifadhi. Wanawake karibu wote walikuwa nje ya mlango huo. Na hata aliyezijua, alizijua kwa lugha ya vitabu vya kale, si kwa lugha aliyozungumza na mamake. Yako maneno mengi ya Kitaiwan ambayo hayakuwa na alama ya Kichina iliyokubaliwa na watu wote.

Dawa ilikuwapo tayari, na ni haki tuseme kuwa si Barclay aliyeibuni. Wamishenari waliomtangulia, kwanza miongoni mwa Wachina waliohamia nchi za Malay na Java, kisha Xiamen kwenyewe, walikuwa wameanza kuiandika lugha hiyo kwa herufi za Kilatini tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka 1873 Carstairs Douglas, naye Mskoti, alitoa London kamusi kubwa ya lugha ya Amoy isiyokuwa na alama hata moja ya Kichina, yote kwa herufi hizo. Maandishi hayo wenyewe waliyaita Pe̍h-ōe-jī, maana yake maandishi ya maneno ya kawaida.

Namna yenyewe ni hii. Neno huandikwa kwa herufi kama sisi tuandikavyo, halafu juu ya irabu huwekwa alama ya kuonyesha sauti yake. Shairi huandikwa si tupu bila alama. Kufa ni sí, mkwaju umeinuka kuume. Nne ni sì, mkwaju umelalia upande wa pili. Wakati ni sî, kofia juu. Na ile ya katikati ni sī, yenye mstari uliolala. Zabaki mbili, nazo ni za maneno yanayokatwa ghafla mwishoni, yanayoishia kwa p, t, k au h. Moja haina alama, kwa sababu ule mwisho wake wenyewe unatosha kuijulisha, na nyingine hutiwa kijiti kilichosimama wima juu ya irabu.

Aliyesoma chuoni hataona ajabu. Sisi twajua fatha, kasra na dhamma, na twajua yasimuliwavyo kuwa Msahafu hapo mwanzo uliandikwa bila nukta wala harakati, kwa kuwa Waarabu wenyewe hawakuzihitaji. Walipoingia katika Uislamu watu wa mataifa mengine wakawa wanakosea kusoma, ndipo Abul-Aswad ad-Du'ali alipotia nukta za kuonyesha irabu, na baada yake al-Khalil bin Ahmad akazipa sura tunayoijua. Alama juu ya herufi ni jambo dogo kwa macho, lakini maana yote yaweza kuning'inia hapo.

Lakini lugha ya Taiwan ina hila moja zaidi. Sauti ya neno haikai mahali pamoja. Neno likiwa peke yake, au mwisho wa fungu la maneno, lina sauti yake ya asili. Likifuatwa na jingine ndani ya fungu hilo, hubadilika. Ya kwanza huwa ya saba, ya saba huwa ya tatu, ya tatu huwa ya pili, na ya pili huwa ya kwanza, zikizunguka kama watoto wanaocheza ukuti. Ya tano huko kusini huwa ya saba, na kaskazini huwa ya tatu. Maji ni chúi, sauti inayoanguka kutoka juu. Ng'ombe ni gû. Ukitaka kusema nyati wa maji, yule alimaye mashamba ya mpunga, ni chúi-gû, na hapo maji hayaanguki tena, hutamkwa juu na kunyooka. Mwenyeji hufanya haya bila kujua kuwa anayafanya. Mgeni hutoka jasho.

Waandishi wa tahajia ile waliamua kuandika sauti ya asili daima, na kumwachia msomaji aibadilishe mwenyewe kinywani. Mimi naona walifanya vyema. Neno lililoandikwa kwa sura moja popote lilipo hutambulika upesi, na mwenye lugha yake hahitaji kufundishwa jinsi ya kulisema. Mwenye tabu ni mgeni peke yake, naye maandishi hayakuwekwa kwa ajili yake.

Sasa ilibaki kupiga chapa. Daktari James Maxwell, aliyekuwa mmishenari wa kwanza wa kanisa hilo Taiwan tangu 1865, alikuwa amerudi Uingereza, na mwaka 1880 akatoa mtambo wa kupigia chapa kuwa zawadi. Mtambo ukafika Tainan ndani ya makasha, ukakaa. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kuufanyia kazi. Barclay alipokwenda likizo, badala ya kupumzika aliingia katika matbaa moja huko Glasgow akajifunza kupanga chapa za risasi kama mwanagenzi. Tufikirie kazi yenyewe. Kwa lugha hii herufi a peke yake yahitaji sura sita, ile tupu na zile zenye alama, na hivyo hivyo irabu nyingine, na hata m na ng huchukua alama kwa kuwa zaweza kusimama kama irabu.

Alirudi mwaka 1884, na mwezi wa Mei mwaka huo mtambo ukaanza kazi. Kisha vikaingia vita vya Ufaransa na Uchina, na Wafaransa wakakizingira kisiwa, mambo yakasimama. Vita vilipokwisha, tarehe 12 Julai 1885, likatoka toleo la kwanza la Tâi-oân-hú-siâⁿ Kàu-hōe-pò, yaani Habari za Kanisa za Mji Mkuu wa Taiwan. Ndilo gazeti la kwanza kupigwa chapa katika kisiwa hicho. Katika maneno yake ya kufungulia, Barclay aliwasihi watu wote wajifunze maandishi yale, akawaonya waliosoma Kichina wasiyadharau kuwa ni mambo ya watoto wadogo.

Onyo hilo lilikuwa na sababu. Wenye elimu waliyadharau kweli. Lakini bibi mkulima aliyejifunza kwa majuma machache aliweza sasa kumwandikia barua mwanawe aliye mbali, kwa maneno yale yale ambayo angemwambia wakiwa jikoni. Mwaka 1887 ikafunguliwa shule ya wasichana Tainan, na maandishi hayo yakawa ndiyo mlango wao wa elimu.

Katika maisha ya Barclay uko usiku mmoja ambao Wataiwan wangali wakiujadili. Mwaka 1895 Uchina ilishindwa vitani na Japani, na kwa mkataba wa Shimonoseki ikaitoa Taiwan kama mtu atoavyo shamba. Wenyeji wakakataa, wakatangaza jamhuri yao, wakapigana. Mwezi wa Oktoba majeshi ya Japani yalikuwa yamekaribia Tainan kutoka zaidi ya upande mmoja, na Liu Yongfu, jemadari aliyekuwa akiulinda mji, akajibadili sura akakimbia kwa meli. Askari wakabaki bila mkubwa, na mji umejaa watu wenye hofu. Wakuu wa mji wakawaendea wamishenari wakawaomba waende kwa Wajapani. Jioni ya tarehe 20 Barclay na mwenzake Duncan Ferguson, pamoja na wenyeji kiasi cha 19, walitoka kwa miguu gizani na bendera, wakielekea kwenye kambi ya Jenerali Nogi, huku wakijua kuwa mlinzi yeyote aliyeshtuka angeweza kuwapiga risasi. Walifika. Asubuhi ya tarehe 21 milango ikafunguliwa, na jeshi likaingia bila ya mji kumwagiwa damu.

Japani baadaye ikampa nishani. Wako wasemao aliokoa maelfu ya roho, na wako wasemao mgeni hakuwa na haki ya kumfungulia mgeni mwingine mlango wa nyumba ya watu. Mimi sioni jinsi ambavyo mji usio na jemadari ungesalimika siku ile, na walioomba walikuwa wenyeji wenyewe. Lakini nishani ile, lau ningekuwa mimi, nisingeivaa.

Tangu hapo kisiwa kilikuwa chini ya Japani kwa miaka 50. Barclay aliendelea na kazi. Alimwoa Elizabeth Turner mwaka 1892, naye akafariki 1909, na mzee akabaki na karatasi zake. Tafsiri ya Injili na vitabu vinavyofuatana nayo ilitoka mwaka 1916. Mwaka 1923 ilitoka Shanghai nyongeza yake ya kamusi ya Douglas, na safari hii pamoja na alama za Kichina. Mwaka 1927, umri wake miaka 77, alikwenda Xiamen kuanza upya tafsiri ya Agano la Kale, akaimaliza 1930, ikachapishwa 1933. Vitabu hivyo vyote vimejaa alama za sauti juu ya karibu kila neno, na kila alama ilipaswa kuulizwa kwa wenyeji, maana Xiamen na Tainan hazitamki sawasawa.

Alifariki Tainan tarehe 5 Oktoba 1935, akazikwa huko huko.

Sasa nataka kusema jambo ambalo wasifu wake wengi hulipita. Kwa muda wote huo maandishi haya hayakuenea kwa Wataiwan walio wengi. Yalionekana kuwa ni herufi za kanisa, na asiyekuwa Mkristo aliona hayamhusu. Yuko mwenyeji aliyejaribu kuyatoa humo. Cai Peihuo, aliyeishi 1889 hadi 1983, alitunga kitabu kwa maandishi hayo mwaka 1925 juu ya hali ya watu wake, akaomba ruhusa afungue madarasa ya kuwasomesha watu wazima. Wajapani walimzuia, kwa kuwa walitaka watu wasome Kijapani.

Haya twayaelewa vyema sisi. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844, na wazee wengi walipoletewa herufi za Kilatini waliziangalia kwa shaka, kwa kuwa waliziona mkononi mwa wamishenari. Shaka ile haikuwa ujinga. Lakini herufi za Kiarabu nazo zilikuwa na dosari zao, maana kasra moja ilisomwa i na e, na p na ch zilitafutiwa sura za kuazima. Kisha Kilatini kiliposhinda kilikuja na dosari nyingine. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, alifanya kazi na W. E. Taylor ya kukusanya mashairi ya Muyaka, na Taylor alitia alama za kutofautisha sauti za Kimvita. Paa la nyumba na paa wa mwituni hayatamkwi sawa Mombasa, wala kaa la moto na kaa wa baharini. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishika Kiunguja, na alama hizo hazikupata nafasi katika tahajia ya shule. Mtoto wa leo wa Mji wa Kale huzisikia sauti hizo kwa nyanyake tu. Watu wa Taiwan walizishika alama zao, wakakosa shule ya kuzifundishia.

Gazeti la Barclay lilifungwa na Wajapani mwaka 1942. Vita vilipokwisha likarudi. Lakini serikali iliyoshika kisiwa kutoka Uchina bara ilitaka Kimandarini peke yake, na sheria ya kijeshi ikadumu kutoka 1949 hadi 1987. Watoto walitozwa faini shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani, na wengine wakavikwa kibao shingoni, kama vile wengi wetu tulivyovishwa kwa kosa la kusema Kiswahili mbele ya mwalimu wa Kiingereza. Mwaka 1969 gazeti likaamriwa kuacha herufi za Kilatini, likageukia alama za Kichina. Mwaka 1975 hata Biblia za tafsiri mpya kwa maandishi hayo zilikamatwa.

Hali imegeuka tena. Gazeti lenyewe lingali likitoka Tainan, kwa Kichina, na matoleo yake ya zamani sasa hufunuliwa na wataalamu wasiokuwa Wakristo, kwa kuwa humo ndimo Kitaiwan kilimoandikwa mwezi hata mwezi tangu 1885 kama kilivyosemwa, na sauti zake juu yake. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ya Taiwan ilitoa tahajia yake rasmi ya kufundishia shuleni. Imebadilisha herufi chache tu za ile ya zamani, ch imekuwa ts, chh imekuwa tsh, oa imekuwa ua. Alama za sauti hazikuguswa.